MAONI: Kambare Avuliwe Kiangazi kwa Ndoano, Ningu Aachwe Apande



Mvua zikishika tu, utawaona wenzetu, wa Tarime na wa Serengeti sawasawa, wanafunga wavu toka ukingo hadi ukingo pale vijito vinapoingia Mto Mara. Ati ndipo penye samaki. Wapo kweli, lakini ni ningu wanaopanda kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika. Ukimziba hapo umekula na watoto wake. Huyu ningu alikuwa samaki mkuu wa mito inayoingia Ziwa Victoria, mpaka nyavu za kutega zilipojaa midomoni mwa mito. Kufikia miaka ya 1960 akawa adimu.

Mimi nasema anayetaka samaki mkubwa amfuate kambare, tena kiangazi, Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yamepungua. Kambare aliyekomaa anaweza kupita mita moja.

Sasa utampata wapi? Si kwenye maji ya mbio. Nenda kwenye kona ya mto, upande ule maji yanapokula ukingo, maana hapo pana kina. Au chini ya mizizi ya mti ulioinamia maji. Au nyuma ya mawe, pale mkondo unapotulia. Macho yake madogo, ananusa na kupapasa kwa ndevu, kwa hiyo tope halimsumbui. Mpe chambo chenye harufu: utumbo wa kuku, kipande cha samaki, chura, au nyungunyungu wengi pamoja. Kilale chini kabisa. Akigusa usikurupuke kama mvua perege. Mwache aondoke nacho, ndipo uvute.

Yeye hutembea usiku. Kiboko naye hutoka usiku, na mamba hachagui saa. Basi tega migonzo saa kumi jioni, ifunge kwenye mti imara, ukalale kwako, urudi jua likiwa limepanda. Usisimame majini hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Na kule ndani ya Hifadhi, ambako nyumbu huzama kwa maelfu na samaki wakanenepa kwa nyama hiyo, tusiguse. Ile siyo mboga, ni kesi.

Wapo wenye haraka wanaotwanga utupa na kuumwaga dimbwini. Jamani! Utupa unaua mpaka vifaranga wa samaki, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu. Mto wenyewe umeshaumia: Machi 2022 maji yaligeuka meusi huko chini, samaki wakaelea wamekufa, serikali ikazuia watu kuyatumia kwa muda. Kambare huweza kupumua hewa ya juu akavumilia maji mabaya. Ningu hawezi.

Kwenye mkutano ujao nitaomba mawili. Ushirika ununue ndoano kubwa na kamba, tukatwe kidogo kidogo tukiuza samaki. Pili, tukae na wenzetu wa ng'ambo tukubaliane kwamba Machi hadi Mei hakuna wavu mdomoni mwa kijito. Bila wao ni kazi bure, maana samaki hana upande. Tena mvua ikinyesha Mau, Kenya, mto hujaa hata kwetu kukiwa kukavu. Kwa hiyo anayekaa ukingoni akiona maji yamebadilika rangi, ampelekee balozi habari siku hiyo hiyo nyavu zitolewe.

Mwanachama