Majaji Hawatakalia Kiti Chako, Wataangalia Picha

Wacha niseme wazi: fundi wa vyuma anayetafuta nafasi kwenye maonyesho ya ufundi asianze na mpiga picha. Aanze na grainda.

Maonyesho mengi ya aina hii huchuja kazi mapema. Unalipa ada ya maombi, unatuma picha chache, halafu majaji wanaamua nani apewe nafasi. Ukikataliwa, mara nyingi ada hairudi. Na majaji hawana habari kwamba kiti kama hicho kimebeba wateja wa nyama choma miaka mitatu bila kulegea. Wanaona picha tu, na simu za siku hizi hazifichi kitu: vitone vya chuma vilivyorukia mguu, magamba meusi kwenye maungio, rangi iliyotiririka ikakauka.

Mafundi wengi pale Kariobangi Light Industries au Gikomba wamezoea mageti na grili. Geti linatazamwa ukiwa barabarani. Kiti kinapapaswa, kinageuzwa, kinakaliwa na mtu aliyevaa suruali ya bei. Kwa hivyo mazoea ya geti hayatoshi.

Shika kona zote kwa nukta ndogo kabla ya kuchomelea kabisa, kisha pima kutoka kona hadi kona, misalaba yote miwili. Vipimo vikitofautiana, joto limeshavuta fremu. Irekebishe saa hiyo. Saga maungio yanayoonekana, lakini usiyasage mpaka chuma kibaki chembamba kama karatasi, hasa bomba la geji 18 ambalo lina milimita 1.2 hivi tu. Ziba ncha za mabomba maji yasiingie. Pangusa mafuta kwa thina kabla ya rangi ya kwanza, halafu paka mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito. Kalio liwe kama sentimita 45 kutoka chini, na miguu yote minne iguse sakafu. Ni kazi ya siku moja zaidi, labda mbili. Na fila ya magari? Mimi siipendi kwenye maungio ya kiti. Mtu akikaa, chuma hucheza kidogo, fila inapasuka.

Kuna wanaosema picha kali inatosha, hayo mengine utayatengeneza ukishapita. Sikubaliani nao. Maonyesho mengi yanadai kazi utakayoleta ifanane na picha, na mnunuzi akiinama kuchungulia chini ya meza hutakuwa na la kumwambia.

Sasa simu. Kwanza futa lenzi, maana vidole vya fundi vina mafuta. Jua la saa sita hapa kwetu ni kali mno, linatia vivuli vyeusi chini ya kiti. Piga asubuhi, siku ya mawingu, au chini ya paa karibu na upande ulio wazi. Rangi ya kung'aa huonyesha hata shati lako, kwa hivyo zima flashi. Nyuma tandika shuka la kijivu lililopigwa pasi. Ukiweka chuma cheusi mbele ya shuka jeupe, simu hupunguza mwanga, na kiti kinageuka kivuli tu. Gusa mguu wa kiti kwenye skrini, ongeza mwanga kidogo.

Usikaribie sana. Ukipiga kwa karibu, miguu inaonekana imepinda hata kama uliipima. Rudi nyuma hatua nne, vuta mara mbili, na uchuchumae simu iwe usawa wa kalio. Piga kiti kizima kikiwa kimekaa kimshazari, kisha ungio moja kwa karibu, kisha chini yake. Hiyo ya chini wengi huikwepa, na ndiyo ingewauzia kazi. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo picha inabanwa na ungio lako zuri linakuwa ukungu.

Kuhusu ada, lipa kwa namba ya biashara ya waandaaji, na uhakikishe jina linalotokea kwenye skrini ni lao. Hifadhi ujumbe wa malipo mpaka majibu yatoke. Mtu akikuambia utume kwa namba yake binafsi kwa sababu mfumo umekwama, piga simu kwa waandaaji kwanza, kabla hujaweka PIN.