Ripoti ya mkonge ianzie shambani

Hale, wilayani Korogwe, hesabu ya mkonge huanzia kwenye kitalu, yaani kipande cha shamba, ikapita kwenye mashine ya korona inayochakata majani, ikaishia kwenye marobota ya singa, yaani nyuzi. Ripoti ya kawaida ya programu ya uhasibu ya QuickBooks haioni safari hiyo. Inaandika mauzo mstari mmoja, usafiri mstari mwingine, basi.

Kosa kubwa la ripoti hiyo liko kwenye kitalu kichanga, ambacho gharama zake huonekana kama hasara. Mkonge hukaa takribani miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo fedha za kuuotesha si hasara, ni mali iliyo ardhini. Tangu 2016 viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaitambua hivyo mimea inayovunwa mwaka hadi mwaka.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe. Kila kitalu kipewe alama yake, na kila risiti ya palizi, ukataji au dizeli iingizwe na alama hiyo. Ripoti itoke kwa safu za vitalu, kisha ihifadhiwe.

Wahasibu wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) waanze msimu huu, na wabandike ripoti hiyo ukutani kwa Kiswahili, mkulima aone shamba lake.