Ramani ya Butiama: Mchoraji na mtengenezaji wa programu wakae chumba kimoja?

Simu ikipigwa usiku kutoka kijijini mkoani Mara kwamba kuna msichana yuko hatarini kukeketwa, swali la kwanza ni hili: kijiji kiko wapi?

Butiama kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Ramani ya OpenStreetMap imekuwa ikisaidia kulijibu swali hilo.

Miaka michache iliyopita vijiji vingi vya Mara vilikuwa havionekani kwenye ramani za mtandaoni. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, ulibadilisha hali hiyo. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali huchora nyumba na barabara kwa kuangalia picha za setilaiti. Wenyeji wenye simu janja wanaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Ukishaipakua kwenye programu kama OsmAnd, ramani inafunguka hata bila bando.

Programu nyingi za kazi hii ni huria: yeyote anaweza kuzitumia, kuziboresha na kutoa maoni. Lakini maoni hayo yatolewe wapi?

Kwa nini vyumba viwili

OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza 2004, ina sehemu ya wachoraji na nyingine ya watengenezaji wa programu. DHIS2, mfumo huria unaotumika kwa takwimu za afya Tanzania, nao kwa miaka mingi ulitenga majadiliano ya watumiaji na ya watengenezaji.

Sababu inaeleweka. Anayeuliza namna ya kurekebisha jina la kijiji hahitaji kusoma mabishano ya kitaalamu. Na fundi anayesaka kasoro, akipokea maswali ya wanaoanza kutwa nzima, atachoka na kunyamaza.

Tatizo linapoanzia

Chumba cha watengenezaji ndicho chenye maamuzi. Mfano ni iD, programu ya kuchorea OpenStreetMap kwenye kivinjari. Ina orodha za kuchagua, mfano kama njia ni ya magari au ya miguu, na orodha hizo huathiri kile ambacho wachoraji wengi wanaandika. Baadhi ya wachoraji walilalamika kwamba mabadiliko yanapitishwa GitHub, wanakokutana watengenezaji, wao wanayakuta yameshatoka. Mvutano ulifika hadi kwa taasisi inayosimamia OpenStreetMap, ikaunda jopo la kusuluhisha migogoro ya programu.

Hao walikuwa wachoraji wazoefu, wanaojua Kiingereza na wanaojua wapi pa kulalamikia. Kwa Butiama umbali ni mkubwa zaidi. Tuseme toleo jipya la programu linagoma kwenye simu yenye nafasi ndogo. Ishu itajadiliwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa Kiswahili. Mmoja atashauri futa picha, mwingine atasema washa upya simu, na itaishia hapo. Mtengenezaji hatajua kama kulikuwa na shida, na kimya hicho atakihesabu kama kuridhika.

Daraja linahitaji mtu

Kurudisha wote chumba kimoja hakutasaidia, maana wenye sauti kubwa ndio watakaosikika. Kinachohitajika ni mtu mwenye jukumu la kupita mlango wa kati.

Tanzania inayo mifano. Kwenye DHIS2, timu ya HISP katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafanya kazi na watumiaji wa hapa na pia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kinakotengenezwa mfumo huo. Kwenye ramani kuna OpenMap Development Tanzania.

Kazi ya daraja ni mambo matatu: kupokea taarifa kwa Kiswahili hata kwa sauti ya WhatsApp, kuiandika kwa namna ambayo mtengenezaji ataielewa, na kurudisha jibu kwa aliyeuliza. Hili la tatu ndilo linalosahaulika sana. Mtu asipojibiwa mara mbili, ya tatu haripoti.

Mara, msimu wa ukeketaji kwa kawaida huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Toleo jipya likiharibu ramani Novemba, taarifa inatakiwa imfikie fundi ndani ya siku chache. Ikifika Januari, msimu umeshapita.