Uzalendo Usioogopa Kusema Kweli

Tarehe 9 Desemba mwaka 2025, Tanzania Bara ilitimiza miaka 64 ya Uhuru bila gwaride na bila ngoma. Serikali ilikuwa imezifuta sherehe hizo, na jijini Dar es Salaam mitaa iliyozoea pilikapilika ilikaa kimya. Siku moja kabla, Mama Kanisa alikuwa ameadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Na kwa familia zilizopoteza wapendwa wao siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, siku hiyo ilikuwa pia arobaini ya msiba. Tunaanza na msiba huo kwa makusudi. Hatuoni jinsi ya kuzungumza juu ya kuipenda nchi huku tukiwaruka waliolazwa katika ardhi yake.

Neno “uzalendo” lilitumika mno katika miezi hiyo, na mara nyingi lilitumika kama fimbo. Anayehoji huambiwa si mzalendo, ametumwa na mabeberu. Anayesifu kila kitu hujiita mzalendo, ingawa vijana mitaani wamekwisha kumpa jina lake: chawa. Kwa upande wa pili, aliyejaa uchungu humwita chawa kila asiyekasirika kama yeye, hata jirani ambaye anaogopa tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inauweka upendo kwa nchi chini ya Amri ya Nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Nchi, kama mzazi, tumeipokea. Hatukuichagua, na deni letu la kwanza kwake ni shukrani. Ndiyo maana Mkristo hulipa kodi, hupiga kura, huilinda nchi yake na huwaombea viongozi, hata wasiompendeza. Lakini mtoto anayemheshimu baba yake hamfichi kwamba ni mgonjwa. Katekisimu hiyohiyo inafundisha kwamba utii wa raia hauondoi haki yake, ambayo wakati mwingine ni wajibu, ya kukosoa kwa unyofu yanayodhuru utu wa watu na mafao ya wengi. Nao Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Furaha na Matumaini, unatutaka tuipende nchi kwa moyo mkuu bila ufinyu wa mawazo, tukiikumbuka familia nzima ya binadamu.

Tumtazame Nabii Yeremia, ambaye kwa lugha ya siku hizi angeitwa msaliti. Alikuwapo hekaluni nabii mwingine, Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na mambo yote yatakuwa shwari. Yeremia alipomsikia akasema Amina. Hapa tunapenda kusimama kidogo. Sisi hatuisomi Amina hiyo kama kejeli: alitamani kwa moyo wote Hanania awe amesema kweli, na yeye mwenyewe awe amekosea. Alichokataa ni kulidanganya taifa lake. Baadaye, mji ulipozingirwa, wakuu walimshtaki kwamba anawavunja moyo askari, wakamtumbukiza katika shimo la matope. Aliyekuja kumtoa kwa kamba na matambara alikuwa mgeni, Ebedmeleki Mkushi. Wakuu wa Yuda, waliojiona watetezi wa taifa, ndio waliokuwa wamemtumbukiza.

Katika historia yetu pia jambo hili si geni. Mwaka 1962, baada ya kujiuzulu Uwaziri Mkuu, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Alikiandikia chama chake mwenyewe, TANU, kilichokuwa kimetoka tu kuleta Uhuru, akikitaka kichunguze makosa yake na kuupima ukweli bila kujali cheo cha anayeusema. Wala hakukiita “Wajisahihishe”. Haki inatudai tuongeze kwamba mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Aliyeandika Tujisahihishe naye alikuwa na la kusahihishwa. Maaskofu wetu walipotoa Ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018, na tena walipotoa tamko juu ya mkataba wa bandari mwaka 2023, wapo waliosema wanachanganya dini na siasa. Mtu anaweza kutokubaliana na hoja za matamko hayo. Kuziona kuwa uadui kwa taifa ni jambo jingine.

Uhuru huo wa kusema una mzigo wake. Wazee wetu walipoupata Uhuru waliufunga pamoja na neno jingine: Uhuru na Kazi. Anayechoma duka la mwenzake hajakosoa Serikali, amemfilisi jirani. Anayesambaza picha ya nchi nyingine akidai imepigwa hapa kwetu anawanyima waliouawa kweli haki ya kuaminiwa. Na kwa mwamini aliyevaa sare, tunasema kwa heshima na bila kuzunguka: amri ya mkubwa haifuti dhamiri. Kanisa linafundisha kwamba agizo lililo kinyume cha maadili halimfungi mtu, na kumfyatulia risasi asiye na silaha hakuwi halali kwa sababu kumeagizwa.

Nasi makleri tusijitoe katika hesabu hii. Ni mara ngapi, katika harambee za parokia zetu, tumempa mwanasiasa kiti cha mbele na kipaza sauti kwa sababu bahasha yake ilikuwa nene? Paa limeezekwa, ni kweli. Lakini mhubiri aliyesimama chini ya paa hilo amejikuta akichagua maneno.

Jumapili ya Novemba 2, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, Baba Mtakatifu Leo XIV aliiombea Tanzania wakati wa Sala ya Malaika wa Bwana, akiwasihi wote waepe vurugu na kushika njia ya majadiliano. Majadiliano yanahitaji kwanza tujue kilichotokea. Serikali iliunda Tume ya kuchunguza matukio ya Oktoba 29. Wapo wanaoiamini na wapo wasioiamini, na sababu za kila upande zinasikika. Hata hivyo, mbele ya Tume hiyo au mbele ya chombo kingine chochote halali, Amri ya Nane haibadiliki: aliyeona aseme alichokiona, asiongeze sifuri wala asiipunguze. Asiyeweza kusema kwa sababu ya hofu asihukumiwe, bali atafutiwe ulinzi. Na parokiani, majina ya marehemu wa siku zile yaendelee kuletwa kwenye nia za Misa, wawe raia au askari, na yasomwe kwa sauti, jina kwa jina.