VIBONZO VYA KALE VIKUSANYWE, VISIACHWE VIFE

Wahenga walisema akiba haiozi. Wasomaji wapenzi, nawaomba radhi wahenga hao, lakini leo nitawapinga. Karatasi huoza. Mchwa huila, na mwenye kibanda huifungia mandazi. Nimeyaona kwa macho yangu mawili.

Marehemu babu yangu alikuwa shabiki mkubwa wa Juha Kalulu, kibonzo alichokichora Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo. Kila alipomaliza gazeti, alichukua makasi, akakikata kile kipande na kukitia katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Tulipokuwa wadogo alitusomea, na sauti za wahusika wote alizitoa yeye mwenyewe. Alipofariki tulilifungua lile sanduku. Lo! Mchwa walikuwa wametutangulia. Tulipata kichwa cha Juha bila miguu, na maneno bila msemaji. Nyanya alicheka kidogo, halafu akalia. Mimi sikusema kitu, ila tangu siku hiyo nina neno moyoni, na ndilo ninalolitoa katika gazeti hili la Chama chetu cha Kiswahili.

Maoni yangu ni haya: vibonzo vya zamani, hata vile vya safari za anga za juu ambavyo watu huviita vya kitoto, vikikusanywa na kujalidiwa vinakuwa vitabu kamili, na vinastahili kupata nafasi katika maktaba ya shule. Najua kuna watakaoguna. Nisikilizeni kwanza.

Mwaka jana mjomba aliniletea kitabu kikubwa alichokinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu kando ya barabara. Kilikuwa mkusanyiko wa visa vya Dan Dare, rubani wa anga za juu, vilivyotoka kwanza Uingereza katika gazeti la watoto liitwalo Eagle. Toleo la kwanza la Eagle lilitoka tarehe 14 Aprili, 1950, na la mwisho likatoka mwaka 1969. Mchoraji aliyemzua Dan Dare ni Frank Hampson. Katika kisa cha kwanza, watu wa dunia hawana chakula cha kutosha, kwa hiyo Dan na wenzake wanatumwa katika sayari ya Zuhura kutafuta namna ya kuwalisha. Huko wanakutana na Mekon, kiumbe wa kijani mwenye kichwa kikubwa kama mtungi na kijiwili kidogo, anayeelea hewani juu ya kiti chake. Mekon ana akili nyingi ajabu, lakini huruma hana hata chembe.

Jamani, hadithi yenyewe! Watoto wa Uingereza waliisoma kurasa mbili tu kila wiki, na safari hiyo ya Zuhura ilichukua zaidi ya mwaka mzima kumalizika. Aliyekosa gazeti la wiki moja, shauri yake. Sasa mimi, mtoto wa shule ya kutwa, niliimaliza kwa siku tatu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mkusanyiko: huunganisha kilichotawanyika. Kampuni ya Titan Books ilipoanza kuvitoa tena visa hivyo mwaka 2004, walioviacha wakiwa watoto walivipata tena wakiwa na mvi, na sisi tusiokuwapo tukavipata pamoja nao.

Ole wangu, nilikipeleka kitabu hicho shuleni na kukifungua wakati wa kipindi cha Hesabu. Kilichukuliwa, na ilikuwa haki kabisa. Kosa lilikuwa langu. Kilichonichoma ni maneno niliyoambiwa siku ya kurudishiwa: eti hivyo ni vya watoto wa chekechea, mtu wa kidato cha tatu anaona aibu gani hana! Niliinama tu nikasema asante. Lakini hapa nimepewa nafasi ya kujibu kwa adabu, nami najibu.

Kwanza, inasemwa kuwa vibonzo huharibu tabia. Je, mwajua aliyeanzisha gazeti la Eagle alikuwa nani? Alikuwa kasisi wa Kianglikana, Marcus Morris, aliyeona vibonzo vya kutisha kutoka Marekani vikisomwa na watoto wa Uingereza akaingiwa na wasiwasi. Hakusema watoto wasisome vibonzo. Aliwatafutia vilivyo bora. Dan Dare hasemi uongo, hamwachi rafiki yake Digby, na hapigani mpaka alazimike.

Pili, inasemwa kuwa sayansi yake ni ya uongo. Ni kweli. Ndugu yangu mdogo, ambaye kumshikisha kitabu ni kama kumwosha paka, alikisoma chote akaja kuniuliza, "Kumbe Zuhura kuna misitu na watu?" Sikuwa na jibu, nikamwuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Akatueleza darasa zima kwamba mwaka 1950 hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya mawingu ya Zuhura. Chombo cha Wamarekani, Mariner 2, kilipopita karibu nayo mwaka 1962, kilionyesha kuwa ni tanuri. Mwaka 1970 chombo cha Wasovieti, Venera 7, kikatua huko. Joto la ardhi yake ni kama digrii 460, na hewa yake hukandamiza mara 90 kuliko ya kwetu. Hapo darasa lilikuwa kimya kabisa. Mwalimu akaongeza kwamba mwaka huo huo wa 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Malindi yetu hii! Basi nauliza: kosa la kibonzo lililotufikisha hapo lilitudhuru nini?

Tatu, kuna lawama ambayo hata mimi naikubali. Katika vibonzo hivyo vya kale mashujaa karibu wote ni wazungu wanaume. Profesa Peabody, mwanamke mwanasayansi, yumo katika safari ya Zuhura, lakini yuko peke yake kama nazi katika gunia la maembe. Katika Flash Gordon, kibonzo cha Marekani alichokianza Alex Raymond mwaka 1934, mfalme mwovu Ming alichorwa kwa namna ya kuwadhihaki watu wa Asia. Wengine wanasema basi vitupwe. Mimi nasema visitupwe, bali viwekewe dibaji inayoeleza. Ukificha kosa la jana, kesho utalirudia ukidhani umevumbua.

Kuna na somo jingine, nalo nawaelekezea wale wanaochora nyuma ya madaftari. Hampson alifanya kazi kama mhandisi. Alitengeneza vielelezo vya vyombo vya angani, akawavisha wenzake mavazi ya marubani na kuwapiga picha, ndipo achore. Hata hivyo, haki za Dan Dare hazikuwa zake, zilikuwa za kampuni. Aliacha kumchora mwaka 1959, na rubani wake akaendelea kuruka mikononi mwa wengine. Chora, ndugu yangu, lakini kabla ya kutia sahihi soma karatasi.

Sasa najua swali linalowawasha: huyu ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili kweli, mbona anasifu vitabu vya Kiingereza? Haya, sikilizeni. Navisifu kwa sababu wenzetu walikumbuka kukusanya. Juha Kalulu alituchekesha kwa Kiswahili miaka na miaka, lakini katika maktaba yetu hakuna hata ukurasa wake mmoja. Dan Dare wa mwaka 1950 ninaye nyumbani, na Juha wa babu ameliwa na mchwa. Hilo si kosa la Mwingereza. Ni uzembe wetu.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Mosi, maktaba itenge rafu moja tu ya vibonzo vilivyojalidiwa. Pili, kila mwanachama aulize nyumbani kama kuna magazeti ya zamani, tukate vibonzo, tuvipange kwa tarehe na kuvijalidi wenyewe. Gundi, uzi na jalada gumu havizidi nauli ya matatu ya siku chache. Tatu, gazeti hili liwe na ukurasa wa kibonzo cha Kiswahili cha safari ya angani, kianzie pale Malindi. Kuchora najua kidogo. Anayejua kutunga anitafute wakati wa mapumziko chini ya mwembe.

Wahenga hawakukosea kabisa. Akiba haiozi, mradi awepo mtu wa kuifunika.