Kutu iliyojificha chini ya mbao



Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu anawataja maadui watatu wa hazina za duniani: nondo, kutu na wezi. Sisi wahubiri hupenda zaidi kumsema mwizi, kwa sababu kila mtu kanisani ana kisa chake cha kuibiwa. Kwa ajili ya mwizi tumenunua makufuli, tumeinua kuta na kufuga mbwa. Kutu hatuiwekei mlinzi. Inaingia bila kubisha hodi, na mara nyingi inaanzia mahali ambapo jicho halifiki.

Jumapili ya leo naomba tuitazame kutu hiyo kwenye chombo kisichotajwa sana katika safu hii: bunduki. Wapo waamini wenzetu wanaoishi na chombo hicho kihalali. Ni askari wa wanyamapori, walinzi, polisi, wanajeshi, na raia wachache wenye leseni. Najua msomaji mmoja atanikumbusha sura ya 2 ya Isaya, pale nabii anapoona panga zikifuliwa kuwa majembe. Nami naiomba siku hiyo kila Majilio. Lakini kabla haijafika, askari anayelinda Hifadhi ya Saadani, ambayo inapakana na Bahari ya Hindi, anahitaji bunduki nzima anapokutana na nyati aliyejeruhiwa. Bunduki iliyokwama inaweza kumgharimu uhai wake. Iliyolegea vyuma vya ndani inaweza kumgharimu mwenzake. Kwa hiyo habari ya kutu si habari ya urembo.

Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana bati la Bagamoyo huchakaa upesi kuliko la Dodoma. Hata jasho la kiganja lina chumvi ya kutosha kuacha alama nyekundu kwenye chuma kisichofutwa. Tena kutu hutanuka kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa ina vitundu vidogo, hunyonya unyevu na kuushikilia. Kutu huita kutu.

Mwenye bunduki hufuta juu ya mtutu, kwa sababu ndipo mkubwa wake anapotazama siku ya ukaguzi. Lakini kutu imejificha kwingine. Iko pale mtutu unapolala ndani ya mbao, kwa kuwa mbao iliyonyeshewa hubaki na maji ikiyakumbatisha chuma. Iko chini ya kilengeo, kwenye pete za mkanda, kwenye vichwa vya skrubu, na kwenye pembe za ndani karibu na kifyatulio. Iko hata kwenye bunduki iliyofungiwa vizuri ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, kwa sababu mfuko huo hutunza unyevu pamoja na silaha.

Kuiondoa kutu changa si kazi ya nguvu. Kwanza risasi zote hutolewa na kuwekwa mbali. Chemba hutazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni tupu. Kisha mbao hufunguliwa na mtu anayejua kuifungua, na asiyejua humpelekea fundi wa silaha anayetambuliwa. Mafuta mepesi hudondoshwa penye kutu na kuachwa yapenye kwa saa kadhaa. Baada ya hapo hutumika mswaki wa zamani, brashi ya shaba nyeupe, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha au uzi wa pamba unaopitishwa kwenye upenyo. Shaba na mwanzi ni laini kuliko chuma cha pua, hivyo huondoa kutu bila kukikwaruza chuma chenyewe. Mwenye haraka huchukua msasa au siki. Kutu itatoka, ni kweli, lakini itatoka pamoja na ile rangi nyeusi inayolinda chuma, na baada ya wiki chache kutu itarudi kwa nguvu zaidi. Mwishoni uchafu wote hufutwa, hupakwa mafuta kidogo tu, kwa maana yakizidi hukusanya vumbi na kulainisha mbao. Baada ya siku mbili tatu, mwenye bunduki huitazama tena.

Mimi si fundi wa silaha. Ni fundi wa kiti cha maungamo, na katika kiti hicho nimeona kwamba roho zetu nazo zina mtutu wa juu na mtutu wa chini ya mbao.

Amri ya Kanisa inatudai kuungama walau mara moja kwa mwaka. Wakatoliki wengi wameichukua hiyo “walau” wakaifanya “tosha”. Foleni huwa ndefu Juma Kuu, na mtu husema yale matatu aliyoyasema mwaka jana. Ukimuuliza kuhusu mengine, atakujibu kwamba ni dhambi ndogo, na kwamba Kanisa halimlazimishi kuziungama. Ni kweli, halimlazimishi. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1458, inayapendekeza sana maungamo ya makosa ya kila siku, kwa sababu yanatusaidia kuijenga dhamiri na kupambana na maelekeo mabaya. Maoni yangu ni kwamba pendekezo hilo tumelidharau, na nyumba zetu ndizo zinazolipa.

Fikiria ndoa ambayo hakuna aliyezini, hakuna aliyepiga, hakuna aliyelewa. Kanisani wanakaa benchi moja na picha yao ya harusi ingali ukutani. Lakini mume ana miaka kadhaa hajamwambia mkewe mshahara wake halisi. Mke amejifunza kumjibu mumewe kwa mzaha unaochoma mbele ya watoto. Kila mmoja akijipima kwa Amri Kumi anajiona mzima. Siku msiba au ugonjwa unapogonga mlango, ndipo wanapogundua kwamba chombo walichokitegemea kimekwama. Majirani husema ndoa imevunjika ghafla. Hakuna kilichokuwa cha ghafla hapo.

Wala tusiwasingizie wanandoa peke yao. Mhasibu wa jumuiya anayekopa mchango wa rambirambi na kuurudisha Ijumaa, akasema moyoni kwamba hajaiba, ana kutu chini ya mbao. Padre anayesali masifu huku akipekua simu naye anayo. Nasi mapadre tuna hatari ya pekee, kwa kuwa kazi yetu ni kushughulika na kutu za wengine.

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye chuma analijua. Kutu changa ikifutwa mapema, haiachi alama. Ikiachwa, huchimba vishimo, na vishimo havifutiki kwa mafuta wala kwa brashi, kwa sababu chuma kilichokuwa pale kimekwisha kuliwa. Msamaha wa Mungu hauna kikomo, na hakuna dhambi iliyoungamwa kwa majuto inayoushinda. Lakini mtoto aliyekua akimsikia baba yake akidanganya kwenye simu kila siku hasahau siku baba anapotubu. Ndiyo maana Kanisa hutupa malipizi pamoja na maondoleo: kosa limesamehewa, ila madhara yake bado yanadai kazi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa mtu wa silaha kabla ya kujeruhiwa mguu huko Pamplona mwaka 1521. Mwaka uliofuata aliuacha upanga wake mbele ya Bikira Maria wa Montserrat. Upanga aliuacha, lakini tabia ya kujikagua hakuiacha. Katika mazoezi yake ya kiroho alifundisha kuichunguza dhamiri mchana na tena jioni, kila siku. Dakika kumi kabla ya kulala zinatutosha. Tujiulize ni wapi leo ambapo hakuna aliyetuona, na tulifanya nini hapo. Tufanye hivyo bila kujichubua. Wapo wanaojichunguza kwa msasa, wakajichukia hadi wakakata tamaa, na hao nao hukosea, kwa sababu neema hupenya kama mafuta na inahitaji muda.

Mafundi wa kale wa bunduki walikuwa na ufundi wa kushangaza. Waliiacha kutu nyembamba nyekundu itoke juu ya chuma, wakakichemsha chuma hicho katika maji safi, na wekundu ukageuka kuwa weusi. Walirudia hivyo mara nyingi, na ule weusi, uliotokana na kutu yenyewe, ukawa ngozi inayoshika mafuta na kukilinda chuma. Petro, baada ya kulia usiku ule wa kumkana Bwana, alikabidhiwa kondoo. Aliyejua jinsi mtu anavyoanguka ndiye aliyetumwa kuwaimarisha ndugu zake.

Basi, ndugu yangu mwenye silaha, wiki hii ifungue mbao kwa utaratibu na utazame chini yake. Nawe usiye na silaha, usingoje Juma Kuu. Paroko wako anakaa kitini Jumamosi, na mara nyingi anakaa peke yake.

Nawatakia Dominika njema.