Uziwi wa Wahakiki: Muziki wa Roki na Dhana ya Mgongano wa Vizazi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuna ufunguo mmoja unaoaminika kufungua kila mlango. Mzazi na mtoto wakitofautiana ndani ya riwaya, tamthilia au wimbo, mhakiki hutangaza papo hapo kwamba huo ni mgongano wa vizazi: mzee anasimamia ukale, kijana anasimamia usasa, na kazi ya mtunzi ni kuamua nani ashinde. Ufunguo huu umetumika mno hata meno yake yamesagika. Tangu wanafunzi wa uzamili waanze kuhakiki nyimbo za vijana, pamoja na zile za kigeni wazipendazo, umetiwa pia katika muziki wa roki, hasa ule wa kishindo, wa magita ya umeme na ngoma zinazotetemesha madirisha. Inadaiwa kwamba muziki huo ni sauti ya kijana dhidi ya mzazi wake, basi. Dai hilo halina mashiko, na historia ya muziki wenyewe nchini Marekani na Uingereza, ulikozaliwa na kukulia, inalikanusha.

Kisa chenye kumbukumbu nyingi zaidi ni kile cha mwaka 1985. Mwaka huo wanawake kadhaa wa mjini Washington, baadhi yao wake za wanasiasa, waliunda chama cha wazazi kilichoitwa Parents Music Resource Center ili kuyashinikiza makampuni ya santuri yatie onyo juu ya santuri zenye maneno waliyoyaona kuwa machafu. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao, Tipper Gore, mkewe Seneta Al Gore, alikuwa amechukizwa na wimbo mmoja wa Prince uliomo katika santuri ya Purple Rain (1984), ambayo binti yake alikuwa nayo nyumbani. Tarehe 19 Septemba 1985, Kamati ya Seneti ya Biashara, Sayansi na Uchukuzi ilikaa kuwasikiliza wazazi hao. Miongoni mwa waliofika kuwajibu walikuwa wanamuziki watatu: Frank Zappa, John Denver na Dee Snider wa bendi ya Twisted Sister.

Mhakiki anayetaka kuuona mgongano wa vizazi katika kikao hicho hana budi kwanza amtafute kijana. Hayumo. Hakuna mtoto aliyeitwa kutoa ushahidi. Zappa alikuwa na umri wa miaka 44 na watoto wanne. Alimzidi Tipper Gore, mlalamikaji, kwa zaidi ya miaka saba. Snider, ambaye nywele zake ndefu zilivuta macho kuliko hoja zake, alijitambulisha kuwa mtu wa miaka 30 mwenye mke na mtoto wa miaka mitatu. Naye Seneta Gore, aliyekuwa mjumbe wa kamati, alikiri mbele ya wote kwamba alikuwa mpenzi wa muziki wa Zappa. Huo ulikuwa ugomvi wa wazazi kwa wazazi kuhusu nani ana haki ya kuwafasiria watoto wasiokuwapo.

Ufasiri wenyewe ulikuwaje? Tipper Gore alikuwa ameusoma wimbo Under the Blade wa Twisted Sister kuwa wimbo wa mateso ya kimapenzi. Snider akajibu kwamba wimbo huo ulihusu upasuaji na hofu aliyo nayo mgonjwa anapongojea kisu cha daktari, na kwamba uchafu ulikuwa akilini mwa msomaji. Ni rahisi kumcheka mama huyo, na wengi wamemcheka. Lakini Snider naye aliteleza katika shimo ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi huonywa juu yake: alidhani kwamba kwa kuwa yeye ndiye mtunzi, nia yake ndiyo maana ya wimbo. Pande zote mbili zilikubaliana bila kujua juu ya jambo moja, nalo ni kwamba wimbo ni maneno. Mmoja aliyasoma vibaya, mwingine akayasoma vizuri, lakini hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

Mahakamani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1990, mjini Reno katika jimbo la Nevada, bendi ya Judas Priest ya Uingereza ilishtakiwa na jamaa za vijana wawili waliojipiga risasi mwaka 1985 baada ya kusikiliza santuri yake. Ilidaiwa kwamba ndani ya wimbo mmoja mlifichwa amri ya maneno mawili. Msiba ulikuwa wa kweli, na uchungu wa wazazi haustahili dhihaka. La kutazamwa ni jinsi sauti ilivyosikilizwa: wimbo ulichambuliwa mkondo baada ya mkondo, si kwa ajili ya kuuelewa kama muziki, bali ili yapatikane maneno chini yake. Hakimu alikata shauri kuwa kilichodhaniwa kuwa amri kilikuwa pumzi ya mwimbaji iliyosadifiana na mlio wa gita. Huenda huo ndio uhakiki bora wa roki uliotolewa mwaka ule, na haukutoka chuo kikuu.

Onyo lililokubaliwa kutokana na vuguvugu hilo, na ambalo kuanzia mwaka 1990 lilichapwa kwa umbo moja la rangi nyeusi na nyeupe, lilimtahadharisha mzazi juu ya maneno ya nyimbo. Mwaka 1996 neno hilo lilibadilishwa likawa yaliyomo. Kuhusu kelele hapakusemwa lolote. Na hapa ndipo kinaya kilipo, kwa kuwa mzazi anapogonga mlango wa chumba cha mwanawe saa nne usiku, aghalabu hajasikia neno hata moja. Amesikia besi ikipita ukutani. Hasemi, "Badilisha maudhui." Anasema, "Punguza!"

Kosa hili si la maseneta na mahakimu peke yao. Mtafiti wa hapa nyumbani huchukua wimbo, akaunakili maneno yake, akayapanga katika beti, akaorodhesha tamathali za usemi, akachomoa dhamira, kisha akahitimisha kwamba kijana anaasi. Sauti ameiacha studioni. Ajabu ni kwamba mtafiti huyu ni mrithi wa mapokeo ya ushairi uliotungwa uimbwe, wenye mizani inayopimwa kwa sikio na mahadhi yanayojulikana kabla ya maneno. Anapohakiki utenzi hawezi kuthubutu kuyapuuza mahadhi. Anapohakiki gita la umeme husahau kwamba ana masikio. Labda pia amezoea kielelezo kimoja cha mzazi na mtoto, kile cha Utenzi wa Mwana Kupona uliotungwa mwaka 1858, ambamo mama husema na binti husikiliza. Hata humo, binti huambiwa akae na wino na karatasi. Yeye ndiye anayeshika kalamu.

Watetezi wa fomula watauliza: je, Twisted Sister hawakutoa mwaka 1984 video ya We're Not Gonna Take It, ambamo baba anamfokea mwanawe kwa sababu ya gita lake, na baba huyo akarushwa nje kupitia dirishani? Walitoa. Na katika video iliyofuata, ya I Wanna Rock, mwigizaji aliyecheza baba, Mark Metcalf, alirudi akiwa mwalimu, akadhalilishwa vilevile. Lakini mwaka 2018 walimu wa shule za umma katika jimbo la West Virginia walipogoma wakidai mishahara bora na bima ya matibabu, wimbo walioupaza katika jengo la bunge la jimbo ulikuwa huohuo We're Not Gonna Take It. Mwalimu wa video akawa ndiye mwimbaji. Fomula ya vizazi haiwezi kulieleza tukio hilo. Linaelezeka tu pale inapokubaliwa kwamba wimbo huo unahusu mtu yeyote anayetaka nafasi yake isikike mbele ya aliye na mamlaka, awe na miaka 15 au 55.

Nafasi ndilo neno. Sauti kubwa ni dai la nafasi. Kijana anayeongeza sauti chumbani mwake anajipanua hadi ukumbini na jikoni. Mzazi anayemkataza anautetea ukuta. Ndiyo maana Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath aliyeishi kwa kelele hadi alipofariki mwaka 2025, alionekana na jamaa yake katika kipindi cha televisheni The Osbournes cha mwaka 2002 wakigombana na majirani kwa sababu ya muziki wao wa usiku, hata mkewe Sharon akawarushia paja la nguruwe juu ya ua. Mwenye kelele hakerwi na kelele. Hukerwa na kelele zisizo zake.

Inafaa ikubaliwe, kwa haki, kwamba mzazi anayeonya juu ya masikio husema kweli. Mwaka 1976 bendi ya The Who ilipimwa jijini London ikifikia desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye vipaza sauti, na mpiga gita wake, Pete Townshend, amesema waziwazi jinsi uwezo wake wa kusikia ulivyoharibika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100. Laiti wazazi wa mwaka 1985 wangepeleka hoja hii mbele ya Seneti, Zappa angepata taabu kuwajibu.

Wapo pia wanaodai kinyume: kwamba wazazi wa leo, waliokulia katika muziki huohuo, wameshaafikiana na watoto wao, na mgongano umekwisha. Huu nao ni uvivu. Mwaka 1982 Zappa alitoa wimbo Valley Girl pamoja na binti yake Moon, aliyekuwa na miaka 14. Baba alitoa gita, binti akatoa masimulizi kwa lahaja ya wasichana wa bonde la San Fernando. Ungeweza kuwa mfano wa ushirikiano mwema, lakini chanzo chake kilikuwa barua ambayo binti aliipenyeza chini ya mlango wa studio, akimwomba baba yake nafasi ya kufanya naye kazi. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2024, Moon ameeleza kwa kirefu gharama ya kukulia upande wa pili wa mlango ule. Kushiriki muziki kulikuwa ndiyo njia ya kugombania baba.

Wolfgang Van Halen anautatiza ufunguo huo zaidi. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, alipanda jukwaani na gita la besi kando ya baba yake Eddie na baba yake mkubwa Alex katika bendi ya Van Halen. Eddie alifariki mwaka 2020. Mwaka uliofuata Wolfgang alitoa albamu yake ya kwanza, akiimba na kupiga kila ala peke yake, chini ya jina Mammoth WVH. Mammoth ni jina ambalo bendi ya baba yake ilikuwa nalo kabla ya kuliacha. Amelichukua jina lililotupwa na baba, akazikataa nyimbo ambazo baba alisifika kwazo: hazipigi katika maonyesho ya bendi yake, ingawa wasikilizaji wazima, wenye umri wa baba yake, ndio wanaomsihi azipige. Mwaka 2022, katika matamasha ya London na Los Angeles ya kumkumbuka mpiga ngoma Taylor Hawkins, alipiga baadhi yake, na kwa kishindo, kisha akarudi kwenye zake.